Aprili, Kidogo

Ota, Gunma, Japani
Jumapili, 8 Septemba 2024
Mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke Nairobi.

Dada Peres,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, namsalimu na mdogo wetu Oloo popote alipolala jana. Mimi ni mzima ila mgongo. Mvua ya huku imepungua, joto limebaki, na nguo nikianika zinakaa siku mbili zikinuka.

Naandika kwa kalamu kama tulivyokubaliana. Simu imenishinda. Nikipiga, Mama anaanza kuniombea, Oloo anainyakua aulize bei ya magari, jirani naye anataka kusikia sauti yangu, na ikifika zamu yako tunaambiana "sawa, sawa" mpaka inakatika. Karatasi haina jirani. Utanisamehe mwandiko. Dholuo yangu ni ya mdomo tu, na kalamu ya Kiswahili niliiachia Kidato cha Pili pale Kawangware, unajua.

Kazi ni ileile. Tunapakia chakula kwenye visanduku wanavyoviita bento: wali upande huu, samaki upande ule, mboga pembeni, kifuniko. Mkanda unapita mbele yetu, kila mtu na kitu chake. Mimi huweka tunda moja. Ni plamu nyekundu iliyolazwa kwenye chumvi mpaka ikakunjamana. Ukiilamba, macho yanajifunga yenyewe. Moja katikati ya wali, isiegemee. Hicho ndicho nilichovukia bahari. Chumba ni baridi kama kile cha kutundikia nyama pale Dagoretti, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayetukanana na mwenzake. Bosi wa zamu anaitwa Okuda. Mwambie Mama. Najua atadhani ni Mjaluo mwenzetu, aulize ni wa Alego au wa Ugenya.

Sasa swali lako. Unasema umeanza kupikia familia ya Wajapani huko Lavington, na unataka kujua hao ni watu gani. Dada, mimi nawajua kwa nyuma, kama mtu anavyolijua gari analolisukuma. Lakini nitakwambia niliyoyaona.

Viatu uvivue mlangoni na uvigeuze vitazame nje. Usiingie navyo hata kama unakimbilia chungu kinachoungua. Choo kina ndara zake. Ukitoka nazo mpaka jikoni utaona nyuso. Usipenge kamasi mbele yao, heri uvute ndani kutwa nzima. Lakini tambi za supu wanazivuta kwa kelele, fyuuu, na kelele hiyo ni sifa kwa mpishi, usije ukadhani wamekosa adabu. Kabla ya kula wanakutanisha viganja na kusema itadakimasu, yaani napokea. Si sala kama yetu. Wanamshukuru samaki, wanaushukuru mchele, na wewe uliyepika umo. Chai yao ni ya kijani, haina maziwa wala sukari, usiwahurumie ukawatilia.

Wali usiutie chumvi wala mafuta. Mchele wao unashikana, na ndivyo unavyotakiwa. Neno lao la wali na neno lao la chakula ni moja, gohan. Ni kama Mama: atakula mkate, mayai na nyama, halafu aseme hajala kwa kuwa hakukuwa na ugali.

Kuhusu jambo la boma. Nimemwomba Okuda wiki tatu za mwezi wa Aprili, nije nijenge simba yangu, ile nyumba ya kijana ndani ya boma, ili Oloo naye apate kujenga yake. Nilimweleza kwamba kwetu mdogo hasimamishi nyumba kabla ya mkubwa wake. Alisikiliza vizuri sana. Akavuta hewa kwa meno, akasema, "Aprili, kidogo..." Ndivyo alivyosema.

Nimechoka, na kesho zamu ni ya alfajiri.

Mimi mdogo wako,
Oduor


Uthiru
6 Oktoba 2024

Oduor, mwana wa mama yangu,

Sisi tuko. Mama bado yuko kwangu, lile jicho lililopasuliwa limefunguka, sasa anaona vumbi lote ambalo zamani hakuliona, na ananionyesha. Oloo anabeba mabelo ya vitambaa kule Ngara, jioni anarudi akinuka gunia. Barua yako ilifika kwenye sanduku la kanisa ikiwa na stempu ya ndege mwenye shingo ndefu. Katibu aliiomba, nikamnyima.

Habari ya Okuda imemfanya Mama acheke mpaka akashika ubavu. "Kama ni Okuda," akasema, "basi mambo ya boma anayajua, ni wetu huyo, alipotea tu." Sasa anamwombea kila asubuhi kwa jina, mbele yako.

Onyo lako la wali limechelewa. Siku yangu ya kwanza niliukaanga kwa kitunguu na karoti kama wa harusi. Mama Hayashi, yule mwenye nyumba, anakijua Kiswahili cha darasani. Akala vijiko vitatu, akaniambia "Kitamu sana," halafu akafunika sahani taratibu kama anayemfunika marehemu. Nikajua hapa kuna neno.

Samaki naye. Nilipika ngege, nikapeleka minofu mezani, kichwa nikakiweka kando kwa ajili ya Mama. Punde Bwana Hayashi mwenyewe akaja jikoni na soksi zake, akachungulia sufuria. "Kichwa?" Nikaendelea kuosha sahani. Akainua kifuniko cha pili. "Peres-san, kichwa?" Ikabidi nikitoe kwenye mfuko wangu. Oduor, yule mzee alikichambua kile kichwa kama mtu wa Kisumu! Jicho alianza nalo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama, akasema, "Sikukwambia? Hao ni wetu."

Sasa la Aprili. Kama bosi amesema kidogo, basi tutangoja kidogo, sisi ni nani tusingoje? Nimemwambia Oloo ni Aprili. Oloo amewaambia kina Lornah, mchumba wake. Baba yake, Mzee Obuya, alikuwa ametutolea maneno makali: "Mwanamume asiye na mlango wake atamwingiza binti yangu wapi? Atamtundika kwenye msumari?" Sasa ametulia kwa sababu ya neno lako. Usije ukachelewa. Lornah si wa kungoja mvua mbili. Kwa nini, hilo si la karatasi.

Mwezi ujao nitaomba siku mbili nimpeleke Mama nyumbani akaonyeshe mahali pa nyumba yako na pa Oloo, vijiti vichomekwe kabla majirani hawajasogeza ua.

Vaa nguo nzito. Unakula?

Dada yako,
Peres


Ota
27 Oktoba 2024

Dada Peres,

Nimefurahi jicho la Mama limepona. Salamu kwa wote. Nakula, tena nakula sana: visanduku vilivyopakiwa vibaya tunapewa sisi. Vile ambavyo plamu imeegemea ni vyangu kwa haki.

Nimeanza tabia moja. Siku ya mapumziko napanda treni hadi mwisho wa reli, nashuka, naangalia mlima, narudi. Sina ninakokwenda. Chumbani siwezi kukaa, kuta ziko karibu mno. Ndani ya treni watu wamejaa na hakuna anayesema. Simu hailii. Treni ikichelewa hata kama ni muda wa kupiga chafya, sauti inatangaza kuomba radhi. Mara ya kwanza nilidhani kuna msiba. Kiti cha kando yangu hubaki wazi hata watu wakisimama. Zamani kiliniuma, sasa naweka mfuko.

Umewahi kuona nyumba imekufa? Huku mlimani ziko nyingi. Paa zuri, madirisha ya vioo, mlango umefungwa, nyasi zimefika dirishani. Wazee wamekufa, watoto wako Tokyo na hawataki kurudi. Kwenye mkanda, anayefunika visanduku baada yangu ni mama mmoja wa miaka sabini anaitwa Tomiko. Ndiyo, sabini, na anasimama kama mimi. Nyumba ya wazazi wake ni mojawapo ya hizo. Kaka yake mkubwa ndiye mrithi: nyumba ni yake, makaburi ni yake, picha ya baba inayowekewa wali kila asubuhi ni yake. Lakini haji. Tomiko ndiye huenda na basi kufyeka nyasi, na hawezi kuiuza wala kuibomoa, kwa sababu si ya kwake kuiamua.

Nilimwambia kwetu pia mkubwa ndiye hutangulia. Akaniuliza, "Na wewe umeshajenga?" Nikamwonyesha mkanda: plamu zinapita.

Umeniuliza zamani wanaogaje. Wanaoga pamoja, uchi, wanaume na wanaume, ndani ya maji ya kuchemka yanayotoka ardhini. Unajisugua kwanza nje ukiketi kwenye kigoda, ndipo unaingia. Mimi nilipoingia, wazee watatu wakasogea, si kwa ubaya, wakanipa nafasi ya watu watatu. Mmoja akanisalimu, akauliza kama kwetu ni joto. Nikasema ndiyo. Tukanyamaza vizuri.

Oloo mwambie nimesikia.

Oduor


Uthiru
24 Novemba 2024

Oduor,

Mama hajambo, Oloo hajambo, mimi nusura nifukuzwe kazi. Keti nikusimulie.

Nilimwendea Mama Hayashi jikoni nikamwambia, "Mama, naomba siku mbili nimpeleke mama yangu nyumbani." Akavuta hewa kama aliyeonja ndimu, akainamisha kichwa upande, akasema polepole, "Siku mbili... aa... kidogo..."

Oduor, moyo wangu uliyeyuka! Nikajiambia, huyu mama ana utu kuliko watu wote wa Lavington. Ameona siku mbili ni chache kwa safari ya huko, ila Kiswahili cha darasani kimemponyoka akasema kidogo. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana Mama! Basi nitachukua nne." Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatabasamu. Mimi huyo, nikaenda kufunga mzigo.

Tumekwenda, vijiti vimechomekwa, chako mbele upande wa kulia, cha Oloo kinafuata kushoto. Mama alipima kwa miguu yake. Narudi Jumanne, namkuta Mama Hayashi amevaa aproni yangu, vidole viwili vimefungwa plasta, sufuria zimejaa hadi sakafuni. Kumbe Jumapili walikuwa na wageni kumi na wawili kutoka kazini kwa mumewe. "Karibu, Peres-san," akaniambia. "Habari ya nyumbani?" Akitabasamu! Hakusema lingine. Siku ya pili, tabasamu. Siku ya tatu, naona anaosha vikombe ambavyo nimeshaviosha. Wahome, bawabu, akaniuliza, "Wewe, ni nini ulifanya huyu mama? Ameniuliza kama najua mtu wa kupika." Nikamwambia sijafanya kitu, nilipewa likizo na nyongeza. Akacheka. "Nyongeza ya nani?"

Sasa nielezee, wewe unayeishi nao. Mtu akukasirikie akikutabasamia, hiyo ni nini? Mimi nimezoea mtu akikasirika anasema, tunasikia mpaka barabarani, kisha tunakula.

Na ninakuuliza tena, kwa sababu barua yako ilikuwa na treni, milima na watu uchi, na Aprili haikuwamo. Mzee Obuya ameanza kuuliza tarehe. Oloo amenunua mabati, ameyaweka chini ya kitanda changu.

Peres


Ota
15 Desemba 2024

Dada Peres,

Nilisoma barua yako kwenye chumba cha kuvalia nikacheka peke yangu mpaka Mbrazili anayeweka kachumbari akaja kuona kama nalia. Mama Hayashi hakukosea Kiswahili. Alikuwa anasema Kijapani kwa maneno ya Kiswahili.

Wana neno, chotto. Maana yake ni kidogo. Lakini mtu wa huku ukimwomba jambo, akavuta hewa kwa meno, akainamisha kichwa, akasema "Siku hiyo, chotto..." na sentensi akaiacha inaning'inia hivyo, amekukatalia. Amekataa kabisa. Sentensi haina mwisho kwa sababu mwisho wake ungekuumiza, basi anakuachia wewe uumalizie moyoni. Neno la hapana wanalo, ila wanalihifadhi kama bastola. Nimekaa hapa mwaka na nusu sijawahi kulisikia kwa Okuda. Wewe ulipoomba mbili ukakataliwa, ukashukuru, ukachukua nne. Huyo mama hakuwahi kuona mwizi wa aina hiyo. Kukurudisha mlangoni kungekuaibisha, na kukuaibisha ni kujiaibisha, ndiyo maana akavaa aproni.

Fanya hivi. Wao mtu akienda safari harudi mikono mitupu kazini. Analeta kitu cha kuliwa cha huko alikokwenda, ili waliobeba mzigo wake waonje. Omena au njugu, usipeleke kitu cha dukani. Mpe kwa mikono miwili, uiname, useme ulimpa taabu. Usijitetee. Usianze na "lakini." Ukijitetea umeharibu. Halafu mwambie kuhusu chotto. Atakuelewa.

Huku ni baridi. Mwisho wa mwaka kila mtu anasafisha nyumba na kwenda kwa wazazi, kiwanda kinatuachia sisi wageni. Wanakula tambi ndefu usiku wa kuamkia mwaka, ili maisha yawe marefu, na keki za mchele zinazonata, ambazo kila mwaka huwakaba wazee wengine. Wanajua, na wanazila.

Mimi nimepanda treni mara mbili wiki hii. Ya mlimani ilisimama kwa theluji. Nilikaa mle ndani nikaona afadhali.

Heri ya Krismasi kwa wote.

Oduor


Uthiru
12 Januari 2025

Oduor,

Nimepeleka njugu. Nikainama, nikasema niliwapa taabu, sikutia lakini. Kisha nikamwambia, "Mama, kumbe kidogo yako ni hapana!" Alinitazama, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka akaketi sakafuni na aproni yake. Akamwita mumewe asikie. Sasa tumewekeana sheria: kama ni hapana, anasema "Peres, hapana," na kuisema kunamfanya awe mwekundu, lakini anaisema. Kazi ninayo.

Hayo yameisha. Sasa tuzungumze wewe na mimi.

Nilikuwa natembea kutoka kazini, nimefika kwenye daraja la Kangemi, nikasimama katikati ya watu. Nikakumbuka barua yako ya kwanza. Nikaenda nyumbani nikaitoa nikaisoma. "Akavuta hewa kwa meno, akasema, Aprili, kidogo..." Na nukta zake ulizitia, tatu.

Mimi nilikosea kwa sababu lugha si yangu. Wewe ulijua. Septemba ulijua umekataliwa, ukaniandikia neno la Kijapani kwa Kiswahili ukaniachia nilimalizie mwenyewe. Nami nikalimalizia, na Oloo akalipeleka kwa wakwe, na Mama akamwombea Okuda miezi mitatu. Omera, ndugu yangu, umekuwa Mjapani wewe?

Nilikwambia kuna la Lornah lisilofaa karatasi. Sasa lifae. Atajifungua Mei. Baba yake ameshaona, haulizi tena tarehe, ananyamaza, na wewe unajua mzee yule akinyamaza. Anataka kumpeleka kwa shangazi yake Mombasa, na mtoto akizaliwa huko si wa kwetu tena.

Oloo juzi aliyatoa mabati chini ya kitanda. Akasema mbele ya Mama, "Huyo ananizungusha tu. Mimi naenda kujenga, na hiyo laana ya chira ikuje, itanipata kwa mlango yangu." Mama aliinuka. Alikwenda akaketi juu ya mabati. Aliketi pale tangu asubuhi mpaka Oloo akaenda zake kulala kwa rafiki. Mama anasema akijenga kabla yako hatakanyaga hiyo nyumba wala kumshika mtoto atakayezaliwa humo, kwa sababu ataogopa kumuua. Unaweza kucheka, uko mbali. Sisi tuko hapa na yale mabati.

Usinipigie simu, sitaishika. Kwenye simu utasema "sawa, sawa." Niambie kwenye karatasi, kwa neno letu lenye mwisho: unakuja au huji. Kama hutaki kuwa na nyumba huko, kama unaogopa ukijenga utakuwa umeitwa urudi, sema. Nitamwambia Mama mwenyewe na atalia na itaisha. Lakini usiniletee tena treni.

Peres


Ota
Jumapili, 16 Februari 2025
Mwaka mmoja na miezi kumi tangu niondoke.

Dada Peres,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Lornah. Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe tatu. Uliyoyasema juu yangu sitayajibu. Umeyasema vizuri.

Nilimweleza Tomiko habari yote, kwa Kijapani changu cha kiwandani, wakati wa chai. Nilidhani atanionea huruma. Akaniuliza, "Nani ulimwambia kwanza?" Nikasema Okuda. Akapiga goti lake. "Mjinga! Okuda ni wa mwisho!"

Dada, wana desturi inaitwa nemawashi. Ni neno la watunza bustani. Ukitaka kuhamisha mti mkubwa, huuvuti siku hiyo hiyo. Unaanza mapema kuchimba kuizunguka mizizi, mmoja mmoja, taratibu, mpaka mti wenyewe unakuwa tayari, na siku ya kuuhamisha watu wanadhani umejiondokea. Mimi nilimwendea Okuda kama mtu anayekwenda kuposa kwa kumgongea baba mtu mlango mchana kweupe, bila shangazi, bila mjumbe, bila hata kujua kama binti yuko. Hata kwetu ningefukuzwa.

Basi nimechimba. Nilianza na binti wa Vietnam anayeweka samaki. Nikamwambia mdogo wangu anapata mtoto na hana nyumba kwa sababu yangu. Akasema atasogea aweke na plamu wiki ya kwanza, nami nichukue zamu zake za sikukuu za Mei. Mbrazili akachukua wiki ya pili. Alitaka tu nimwahidi kushika zamu zake za Agosti, watu wanapokwenda kuwapokea marehemu wao. Tomiko alichukua ya tatu na hakutaka kitu. Nilisisitiza. Akasema, basi nikirudi niende naye siku moja kufyeka zile nyasi. Na wote wakamwambia Okuda kidogokidogo, kila mtu kwa wakati wake, kama jambo walilolisikia tu.

Alhamisi ndipo nilipokwenda mimi. Sikutaja Aprili. Aprili maua yao ya cheri hufunguka, nchi nzima inakaa chini ya miti na visanduku vyetu magotini. Kuomba Aprili kwenye kiwanda cha bento ni kuomba likizo ya mkesha wa Krismasi kwa mchinjaji. Nikasema, "Bosi, naondoka katikati ya Machi. Narudi kabla maua hayajajaa. Zamu zote zina watu." Akavuta hewa kwa meno. Nikangoja. Akaangalia ratiba ukutani, akachukua kalamu mwenyewe, akaandika majina matatu mahali palipokuwa na langu. Kisha akasema jambo wanalolisema mvua ikinyesha siku ya harusi: ndivyo ilivyo, tufanyeje.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili. Hakuutaja, nami sikuuliza, kwa sababu jibu nalikisia na sikutaka kulisikia kwa adabu. Kama nitakuta plamu ina mtu mwingine, nitaikuta. Sitaki Mama aambiwe hilo. Wewe nimekwambia.

Simba yangu iwe ya chumba kimoja, mlango utazame lango. Fundi asitafutwe mkubwa. Oloo aniwekee miti ikatwe mapema ikauke, na yale mabati ni yake, asiyaguse kwa ajili yangu, yangu nitayanunua njiani. Siku paa langu litakapofungwa, kesho yake achimbe shimo lake la kwanza, mimi nikiwa nimesimama pale anione. Kwa Mzee Obuya nitakwenda mimi, si Oloo. Lakini utangulie wewe na shangazi, mseme nanyi mlipita tu.

Nitashuka Nairobi Jumamosi, tarehe 15 Machi, asubuhi. Nakuja.

Oduor